Kisigino Kinachouma kwa Nyuma: Namna ya Kuiponya Kano Bila Kupasuliwa

Mwanza ni mji mgumu kwa mtu mwenye kano mbovu ya kisigino. Bugarika, Mabatini, Igogo, Isamilo: nyumba zimekaa juu ya mawe, na kufika kwako ni kupanda, kipande cha njia ngazi za saruji, kipande jabali tupu. Kila hatua ya kupanda inakunja kifundo cha mguu na kuivuta ile kano nene iliyo nyuma, kati ya kigimbi na kisigino. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, nina miaka arobaini na ushee. Alfajiri hukimbia barabara ya Capripoint, kandokando ya ziwa. Mguu wangu wa kushoto uliuma kwa muda mrefu hadi nikafikia kuulizia gharama za upasuaji. Sikupasuliwa, na leo nakimbia. Watu wanaonijua hunisimamisha njiani: "Mwalimu, hebu nieleze, ulifanyaje?" Majibu ya kusimama barabarani hayatoshi, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mimi si daktari. Ninayoyasema nimefundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyenishughulikia, kijana wa maneno machache na subira nyingi, nikaongezea niliyoyasoma kwa sababu ya kazi yangu. Kiini chake ni kimoja: kano haiponi kwa kulazwa. Inapona kwa kubebeshwa mzigo, kwa kipimo, kwa miezi. Mengine yote ni namna ya kuupima huo mzigo.

Panauma wapi hasa?

Kaa kwenye kiti, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Ishike kano kwa kidole gumba na cha shahada. Anzia chini kabisa kwenye mfupa wa kisigino, kisha panda taratibu huku ukiibana. Pakiuma zaidi sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, na mara nyingi hapo utakuta pamenenepa, basi tatizo lako liko katikati ya kano. Pakiuma pale pale kano inapojishikiza kwenye mfupa, tatizo liko kwenye mzizi wake. Usiipuuze tofauti hii, maana zoezi linaloponya hali ya kwanza linaweza kuichokoza ya pili. Nitalirudia mbele.

Dalili nyingine zinafanana kwa wote. Ukishuka kitandani, hatua za kwanza unachechemea, kano imekaza. Ukifika jikoni imelegea. Ukianza kukimbia panauma, baada ya muda maumivu yanapotea, unadhani umepona. Usiku au kesho yake yanarudi na riba. Hali hii ikizidi miezi mitatu, imeshakuwa sugu.

Kuna mambo ambayo hayangoji mazoezi. Kama ulisikia mlio nyuma ya mguu, ukageuka kumtafuta aliyekupiga teke na hukumwona mtu, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole, kano inaweza kuwa imekatika. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi. Kikiminywa, unyayo unapaswa kujisogeza wenyewe. Usiposogea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile kigimbi kikivimba, kikawa cha moto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi au kulala kitandani kwa ugonjwa, usikichue: damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Na kama visigino vyote viwili vinauma pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi, au vidole vinavimba, mwambie daktari yote hayo kwa pamoja, kwa sababu yapo magonjwa ya viungo yanayoanzia kwenye mizizi ya kano. Ukiwa huko pima sukari, asidi ya yuriki na lehemu. Kisukari, jongo na lehemu nyingi huidhoofisha kano, na hakuna zoezi litakaloziba pengo la sukari isiyodhibitiwa.

Dawa ulizomeza

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ni jambo ambalo wengi hawaulizwi. Huku kwetu mtu akipata homa na tumbo kusokota anakwenda duka la dawa, anaambiwa ni taifodi au UTI, anapewa sipro. Siprofloksasini na ndugu zake, kama levofloksasini, zinajulikana kudhuru kano, na kano ya kisigino ndiyo inayoumia zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo lake kali kuliko yote kwa sababu ya kano kuuma na hata kukatika. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60 na kwa anayetumia steroidi kama prednisoloni. Maumivu yanaweza kuanza siku chache tu baada ya kidonge cha kwanza, au miezi kadhaa baada ya dozi kwisha.

Sisemi dawa hizi zisitumike. Zipo hali ambazo ndizo zinazookoa. Nasema usinunue bila kupimwa, na ukiandikiwa umwambie daktari, "Nina tatizo la kano ya kisigino, kuna dawa nyingine?" Kano ikianza kuuma katikati ya dozi, acha kumeza na urudi kwake siku hiyo akubadilishie.

Kuhusu diklofenaki ambayo wengi tunaitegemea: inapunguza maumivu, kano inabaki ilivyokuwa. Ukiimeza kisha ukaenda kukimbia, umeizima kengele. Ukiimeza kila siku kwa majuma, tumbo na figo vinalipa.

Kwa nini mzigo

Kano nzima ni nyuzi za kolajeni zilizolala sambamba, zimebanana. Kano iliyochoka ni kamba ya katani iliyosuguliwa sehemu moja: nyuzi zimevurugika, nyingine zimelegea, katikati pamejaa maji. Vishipa vidogo vya damu na neva vinaota mahali ambapo havikuwepo. Chembe za uvimbe ule tunaoujua wa jipu au jeraha ni chache sana, ndiyo maana dawa za kutuliza uvimbe hazileti uponyaji.

Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita. Kaboni hiyo iliingia miilini mwa watu kupitia chakula, na kiwango chake kinaonyesha tishu ilijengwa lini. Walipoitafuta ndani ya kano za kisigino waligundua kwamba kiini cha kano kinajengwa hadi mtu anapofika miaka kama 17, baada ya hapo hakifanywi upya kwa kiwango cha kuonekana. Nilipoisoma habari hiyo niliielewa hali yangu vizuri zaidi kuliko kwa kitu kingine chochote. Ile sehemu iliyovurugika inaweza isirudi kuwa changa kamwe. Tunachokifanya ni kuiimarisha tishu nzima inayoizunguka, na kukipa kigimbi nguvu, hadi kano iweze kuubeba mwili bila kulalamika. Kwa hiyo altrasaundi ikionyesha bado kuna doa wakati mguu hauumi tena, usiingiwe na hofu. Mguu ndio unaokwenda safari, picha haiendi.

Na mzigo wenyewe lazima uwe mzito. Mtu akikimbia, kano hii inavutwa kwa nguvu ya mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni zaidi ya kilo 400 kwa kila hatua. Mtu anayenyanyua visigino mara kumi wakati chai inachemka, kisha anasema mazoezi hayamsaidii, hajaianza kazi.

Aliyeifanya njia hii ijulikane sana ni daktari wa mifupa wa Uswidi, Håkan Alfredson. Mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa na maumivu haya haya, akamwomba mkuu wake wa kazi ampasue, akakataliwa kwa sababu angekaa nje ya kazi muda mrefu. Akaamua kuitesa kano hadi iharibike kabisa, ili wasiwe na la kufanya ila kumpasua. Akaibebesha mizigo kila siku, na kano ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji wa kawaida 15 walioumwa kwa muda mrefu: mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, seti tatu limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, siku saba kwa wiki, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Tafiti za baadaye hazikupata wote wanaopona, lakini njia haijaachwa hadi leo.

Zoezi lake ni kushusha kisigino tu, mara 180 kwa siku, na mtu mwenye vipindi vya kufundisha, watoto na daftari za kusahihisha haziwezi. Mwaka 2015 Denmark walilinganisha njia hiyo na nyingine ya kunyanyua na kushusha polepole kwa uzito mkubwa, mara tatu tu kwa wiki. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ileile. Hiyo ya mara tatu ndiyo niliyopewa, na ndiyo ninayoieleza hapa.

Kwanza itulize

Kama kano inakuuma hata ukitembea kwenda sokoni, usianze na uzito. Wiki mbili tatu za mwanzo punguza vinavyoichokoza. Acha kukimbia mbio za kasi na kuruka. Acha mchanga wa ufukweni. Unaonekana laini, lakini kisigino kinazama na kano inavutwa zaidi. Ngazi za mlimani huwezi kuziacha kama ndiko unakokaa, ila kanyaga kwa unyayo mzima, kisigino kikiwa juu ya jiwe, usipande kwa ncha ya mguu. Panapokuwa pakali sana geuka ubavu. Dumu la maji la lita 20 ligawe mawili ya lita 10, au mlipe kijana akupandishie kwa kipindi hiki.

Viatu. Kandambili na yeboyebo zikae bafuni. Nenda kwa fundi viatu, mwambie akukatie vipande vya sponji ngumu au ngozi, unene wa sentimita moja hadi moja na nusu, uviweke chini ya visigino ndani ya viatu. Weka miguu yote miwili, usije ukaanza kutembea upande. Kwa shilingi chache utapata nafuu ya siku hiyo hiyo. Raba za mitumba za pale Mlango Mmoja ni nzuri ukijua kuchagua: bonyeza soli ya nyuma kwa kidole gumba, kama imekufa na haijiinui, iache. Iwe imeinuka nyuma kuliko mbele.

Zoezi la kipindi hiki ni kusimama tu. Shika ukuta, nyanyua visigino vyote viwili, baki juu sekunde 30 hadi 45, shuka polepole. Pumzika dakika moja au mbili. Fanya mara tano, asubuhi na jioni. Ikiwa nyepesi, fanya kwa mguu mmoja. Kwa baadhi ya watu maumivu hushuka kidogo hapo hapo, na hiyo inampa mtu moyo wa kuendelea.

Kukandwa kigimbi kwa maji ya vuguvugu kunaburudisha, sina ubaya nako. Kuibana na kuisugua kano yenyewe hadi machozi yatoke, kama wafanyavyo baadhi ya wachuaji, hakuna faida niliyoiona. Na kuinyoosha kwa nguvu ukisukuma ukuta, hasa kama panauma mfupani, acha.

Kazi yenyewe

Siku tatu kwa wiki, zikiachana: tuseme Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Mazoezi ni mawili.

La kwanza ni kunyanyua kisigino ukiwa umesimama, goti limenyooka. Simama kwenye kidato cha chini cha ngazi, sehemu ya mbele ya unyayo juu ya kidato, kisigino hewani, mkono ukutani. Hesabu hadi tatu ukipanda mpaka mwisho kabisa, hesabu hadi tatu ukishuka mpaka kisigino kiwe chini ya usawa wa kidato. Kisirushwe wala kudunda. Anza na miguu yote miwili, mara 15, seti tatu. Ukizimaliza bila kuyumba, hamia mguu mmoja. Mvua ikinyesha fanyia ndani. Ngazi zetu za mawe zikilowa zinateleza vibaya.

La pili ni la kukaa, goti limekunjwa. Ndani ya kigimbi mna misuli miwili, wa juu unaoonekana na wa chini uliojificha, na huu wa chini ndio unaobeba sehemu kubwa unapokimbia. Goti likikunjwa, kazi inauendea huo wa chini. Kaa kwenye kiti, weka ncha za miguu juu ya tofali au ubao mnene, mfuko wa mchele wa kilo 25 juu ya mapaja karibu na magoti, kisha nyanyua visigino kwa hesabu ileile. Ukishaweza kwa miguu yote miwili, peleka mzigo wote mguu mmoja.

Uzito wa kusimamia pia ni rahisi kuupata. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa za maji ndani ya begi la shule zinakupa kipimo cha uhakika. Begi likijaa, shika dumu mkono mmoja, mwingine ubaki ukutani. Jimu zipo mjini na ukiweza kulipa nenda, lakini usijizuie kwa kukosa jimu.

Namna ya kupanda ni hii. Wiki ya kwanza mara 15 kwa seti tatu. Wiki ya pili na ya tatu ongeza uzito mpaka mara 12 ziwe ndizo unazoweza, seti tatu. Wiki ya nne na ya tano, mara 10 kwa seti nne. Kutoka ya sita hadi ya nane, mara 8 kwa seti nne. Kuanzia ya tisa hadi ya kumi na mbili, mara 6 kwa seti nne, na hapo uzito uwe wa kukutoa jasho. Pumzika dakika mbili kati ya seti. Kipimo cha uzito sahihi ni kwamba mara ya mwisho unaiweza kwa shida na ya ziada hauiwezi. Kalenda hii isikufunge; kama wiki ya tano bado uko kwenye mara 12, baki hapo.

Fanya miguu yote miwili, hata usiouma. Mtu anayechechemea kwa mwaka mzima, mguu mzima nao umechoka.

Asubuhi ndiyo hakimu

Hofu kubwa ya kila ninayemweleza ni hii: "Nikihisi maumivu nikiwa kwenye zoezi, je, si nitaikata?" Mtafiti wa Uswidi, Karin Grävare Silbernagel, alilichunguza swali hilo na mwaka 2007 akachapisha jibu ambalo wataalamu wengi wanalifuata. Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi na baada yake yanaruhusiwa kufika 5. Sharti ni kwamba kesho asubuhi yawe yametulia, na wiki kwa wiki yasipande. Waliofuata kanuni hiyo, hata walioendelea kukimbia kidogo, hawakupona vibaya kuliko walioacha kukimbia.

Mimi niliitumia hivi. Daftari dogo kando ya kitanda. Kabla ya chai, nanyanyua kisigino cha mguu mbovu mara tano nikiwa nimeshika fremu ya mlango, nayapa maumivu alama, naandika. Siku nilizofanya kazi nzito naweka nyota. Baada ya majuma kadhaa daftari linaanza kusema mambo ambayo kumbukumbu haisemi: kwamba kilichokuwa kinaniumiza si zoezi la Jumatano, ni kusimama ubaoni vipindi mfululizo siku ya Alhamisi nikiwa nimevaa viatu bapa.

Alama ikipanda kwa mbili ukiamka, punguza uzito siku inayofuata ya zoezi, usiache zoezi. Wengi hukwama hapo: panauma, wanapumzika wiki mbili, kano inadhoofika zaidi, wanarudi na uzito uleule, panauma tena. Mzunguko huo unaweza kula mwaka. Na ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza uzito na wiki hiyo hiyo ukanunua raba mpya na ukaenda Sengerema kwenye msiba ukashinda umesimama, hutajua ni kipi kilichokuponza.

Ikiwa panauma kwenye mfupa

Jirani yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alikuwa akiniona kwenye ngazi ya uani kila jioni, akaanza kufanya nilivyofanya. Baada ya siku kadhaa alinijia.

"Mwalimu, mbona hili zoezi lako kwangu linaongeza maumivu?"

"Shikamoo mama. Unalifanyia wapi?"

"Marahaba. Si pale ngazini, kama wewe. Nashusha kisigino mpaka chini."

"Hebu nionyeshe panapouma." Akagusa mfupa, nyuma kabisa. "Basi, mama, wewe fanyia sakafuni. Kisigino kisishuke chini ya vidole hata kidogo."

Kisigino kikishuka sana, mzizi wa kano unabanwa dhidi ya mfupa, na mbano huo ndio unaouchokoza. Mwaka 2008 Waswidi walibadilisha zoezi la Alfredson kwa watu wa namna hii, wakalifanyia kwenye sakafu bapa, na walioridhika wakawa wengi kuliko awali. Uzito, hesabu na siku ni vilevile. Kinachobadilika ni kwamba unanyanyuka kutoka sakafuni na kurudi sakafuni.

Kwa mama huyu chanzo cha tatizo hakikuwa mazoezi peke yake. Siku nzima alikuwa anachuchumaa kuchambua dagaa, na kuchuchumaa ndiyo mbano wenyewe. Alitafuta kigoda. Chooni aliweka kipande cha ubao kisichoteleza chini ya visigino. Viatu vyenye ukingo mgumu nyuma akaviacha. Alichukua muda mrefu kuliko mimi, na ni kawaida kwa wanaoumwa hapo, lakini sasa anapanda kwake na ndoo yake kichwani.

Kurudi kukimbia

Usiangalie kalenda, angalia mguu. Uwe unatembea dakika 30 kwenye tambarare na asubuhi yake alama haipandi. Uwe unanyanyua kisigino cha mguu mbovu, bila uzito, mara 20 au 25, au angalau karibu sawa na mguu mzima. Kisha jaribu kuruka kamba: sekunde 20 kwa miguu yote, pumzika, rudia mara tatu. Baada ya wiki mbili, ruka kwa mguu mmoja. Kuruka ndiko kunakoifundisha kano kujivuta na kujiachia kwa haraka, jambo ambalo uzito wa polepole hauwezi kulifundisha, na watu wengi wanakiruka kipengele hiki kwa haraka ya kuingia barabarani.

Ukifika barabarani, kimbia dakika moja, tembea mbili, mara sita hadi nane. Siku mbili za kupumzika katikati, kwa sababu kano inachukua muda kujijenga baada ya kazi ya kasi. Ongeza dakika za kukimbia kwanza. Mwendo wa kasi uje baadaye, milima mwisho kabisa. Capripoint pana lami na tambarare ya kutosha karibu na maji, panafaa. Kama unalenga Rock City Marathon, chagua umbali mfupi kwa mwaka wa kwanza.

Ikigoma

Wiki 12 ni muda wa kuona nafuu. Kupona kwenyewe kunaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka. Ukiwa umefanya kazi hii kwa uaminifu miezi mitatu na daftari halionyeshi badiliko, nenda kwa fizio akutazame unavyofanya. Mara nyingi utakuta uzito ni mdogo au kisigino hakifiki juu. Yapo pia matibabu ya mashine inayopiga mawimbi ya mshindo kwenye kano, yanayosaidia baadhi ya watu yakiambatana na mazoezi. Uliza kama yapo unakotibiwa.

Kwenye kituo kimoja niliambiwa nichomwe sindano ya steroidi karibu na kano, nitapona wiki hiyo hiyo. Nilikataa, na nakushauri ukatae. Inaweza kutuliza maumivu kwa majuma machache, lakini inahusishwa na kano kudhoofika na kukatika, na mtu asiyesikia maumivu anaibebesha kano mzigo ambao haijawa tayari kuubeba. Upasuaji upo, na kuna wanaouhitaji. Uje baada ya angalau miezi sita ya kubeba mzigo kwa dhati.

Maumivu yakiisha, zoezi libaki mara mbili kwa wiki, uzito uleule mzito, seti chache. Ukikatiza kwa safari, mfungo au malaria, ukirudi usianze ulipoishia: toa nusu ya uzito, fanya wiki moja ukiisoma alama ya asubuhi, ndipo uongeze.